Gome la Msunguti: Historia ya Sumu Iliyoanzia Nyika za Voi

Mwaka 1958, kwenye kongamano la wanabiokemia mjini Vienna, Mmarekani Robert Post alimuuliza Mdenmarki Jens Christian Skou swali fupi: kile kimeng'enya alichokipata kwenye neva za kaa, je, huzuiwa na uabaini? Skou akauliza uabaini ni kitu gani. Alipoelezwa, alipiga simu Aarhus, alikokuwa akifanya kazi, akaomba jaribio lifanyike mara moja. Jibu likawa ndiyo. Kwa jibu hilo ikathibitika kwamba kimeng'enya hicho ndiyo pampu inayotoa sodiamu ndani ya seli na kuingiza potasiamu, pampu ambayo bila yake neva haipitishi habari wala moyo haupigi. Mwaka 1997 Skou alipewa nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi hiyo.

Wakati simu ile inapigwa, msako mkubwa wa majangili katika Mbuga ya Tsavo, ulioendeshwa kutoka Voi, ulikuwa haujamaliza miaka miwili tangu ukome. Ulikuwa umeanza 1956 na kuendelea hadi 1957. Wawindaji walikamatwa, pinde zikachukuliwa, podo zikamwagwa mishale yake mezani kama ushahidi. Kwenye mishale hiyo, nyuma tu ya vigumba, ulikuwemo uabaini, umekauka mweusi kama lami. Mtu yeyote kati ya wale waliofungwa angemjibu Skou kabla hajamaliza kuuliza. Hangetumia jina la kikemia, lakini angemwambia unatoka kwenye mti gani, unaharibiwa na nini, na lazima uingie wapi mwilini ndipo uue.

Historia hizi mbili hazijazoea kusimuliwa pamoja. Ya kwanza imo kwenye vitabu vya sayansi. Ya pili imo kwenye vitabu vya walinzi wa wanyama, na humo sumu inatajwa kama silaha tu.

Ukitoka Mombasa, ukishapita Maungu, mlima unaoinuka upande wa kushoto kabla hujaingia Voi ni Ndara, ambao wengi leo wanaujua kwa jina la Sagalla. Misafara ya zamani iliutazamia kwa hamu. Nyuma yake ilikuwa nyika ya Taru, safari ya siku kadhaa pasipo maji ya kuaminika, na mlimani palikuwa na chemchemi, mahindi, maharagwe na watu wa kufanya nao biashara. Mmisionari Johannes Rebmann alipita eneo hili 1847 akielekea Kasigau, na mwaka uliofuata akaenda hadi Uchaga. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Ndara akielekea Umasaini, akamkuta Alfred Wray wa Church Missionary Society ndiyo kwanza anaanza kituo chake kule juu mlimani.

Kati ya mambo ambayo wasafiri hao waliyaandika kuhusu Wataita, silaha haikosekani: upinde, na mishale iliyopakwa sumu. Ukiishi kwenye kilima katikati ya njia ya misafara, upande mmoja nyika, upande mwingine Wamasai wanaoshuka kutafuta ng'ombe, unahitaji kitu cha kumfanya mgeni afikiri mara mbili. Lakini Wataita hawakuwa peke yao. Wakamba walikuwa nayo, Wagiriama walikuwa nayo, na mashariki ya Voi, kando ya Mto Galana, walikuwepo Waata, ambao serikali iliwaita Waliangulu. Hao hawakuwa wakulima wala wafugaji. Walikuwa wawindaji wa tembo, na upinde wao ulihitaji nguvu ya kilo 45 na zaidi kuuvuta. Wazungu walioujaribu waliulinganisha na upinde mrefu wa Waingereza wa zama za kati, na wengi wao hawakuweza kuuvuta hadi mwisho.

Hata hivyo upinde peke yake haumwangushi tembo. Kazi hiyo ni ya mti.

Mti wenyewe ni msunguti. Wakamba wanauita kivai, Wamasai olmorijoi, na wanabotania wameuandika kwa jina la Acokanthera. Huota kwenye vichaka vya miamba na kingo za misitu mikavu. Ni mti mdogo, wenye majani magumu yanayong'aa na maua meupe yaliyochanganyika na waridi, yenye harufu nzuri, na asiyeujua anaweza kuupanda kwenye ua wa nyumba. Sumu imo kwenye gome, kwenye mbao na kwenye mizizi. Mafundi walikata vipande, wakavichemsha kwa saa nyingi, wakavitoa, kisha wakaendelea kuyachemsha yale maji hadi yakapungua na kuwa mazito, meusi, ya kunata. Wagiriama walikuwa na sifa ya pekee katika kazi hiyo, na Waata wengi walinunua sumu yao kwao ikiwa tayari. Ilikuwa bidhaa yenye bei na soko. Palikuwa na fundi ambaye sumu yake ilisifiwa, na palikuwa na fundi ambaye hakuna aliyemrudia.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopita haraka. Tunazoea kuiita kazi hii "ujuzi wa jadi", tukimaanisha kitu kati ya desturi na uganga. Kwa kweli ni kemia. Fundi alijua kwamba kitu anachokitaka kinayeyuka katika maji ya moto, na kwamba moto mrefu haukiharibu ila unaondoa maji. Alijua pia kwamba unyevu na jua vinakidhoofisha, ndiyo maana mwindaji alikizungushia kigumba chake utepe wa ngozi nyembamba na kuuvua pale tu alipokuwa tayari kupiga. Hata ubora ulipimwa. Wasimulizi wa enzi ile wanaeleza jaribio la damu: mtu alijikata kidogo, akaiacha damu ichuruzike, kisha akagusa mwisho wa mchirizi kwa sumu na kutazama jinsi damu inavyobadilika rangi kurudi juu kuelekea jeraha, akiifuta kabla haijafika. Kasi ya kubadilika ndiyo iliyoipa sumu daraja lake. Mnunuzi hakuambiwa tu, alioneshwa.

Jambo la hekima zaidi lilikuwa kwamba nyama ililiwa. Mnyama aliyeuawa kwa mshale wa sumu alichinjwa, sehemu iliyozunguka jeraha ikakatwa na kutupwa, na nyama iliyobaki ikapikwa kwa watoto na wazee. Wawindaji walijua kwamba sumu hii ni hatari ikiingia kwenye damu, na kwamba kwa njia ya tumbo nguvu yake ni ndogo mno. Madaktari wa Ulaya walikuja kuligundua jambo hilohilo walipotaka kuifanya dawa: uabaini haufyonzwi vizuri na utumbo, hivyo lazima mgonjwa adungwe sindano kwenye mshipa. Sindano ya mwindaji ilikuwa na manyoya nyuma yake.

Ulaya iliifikia sumu ya mishale ya Afrika kwa njia nyingine, na kwa bahati. Wakati wa msafara wa David Livingstone kwenye Mto Zambezi, ulioanza 1858, daktari wa msafara John Kirk alikuwa ameweka mswaki wake mfukoni pamoja na sumu ya mishale ya huko. Sumu hiyo ilitengenezwa kwa mbegu za Strophanthus, mmea wa ukoo mmoja na msunguti. Alipopiga mswaki alionja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angetupa mswaki na kuapa. Kirk alikuwa daktari, akalikumbuka jambo hilo. Baadaye alikuja kuwa balozi mkuu wa Uingereza Zanzibar, akajulikana zaidi kwa shinikizo lililofunga soko la watumwa. Mbegu za Zambezi zilifika Edinburgh mikononi mwa Thomas Fraser, ambaye aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi, na kufikia miaka ya 1880 dawa iliyotokana nayo, strofanthini, ilikuwa imeingia kwenye matibabu ya moyo.

Zamu ya msunguti ilifika 1888. Mkemia Mfaransa aitwaye Arnaud alipokea Paris mbao za mti ambao Wasomali waliutumia kwa sumu ya mishale, akafaulu kutoa humo fuwele nyeupe, safi. Akaiita uabaini kwa jina la Kisomali la mti wenyewe. Mti huo ni ndugu wa karibu wa ule unaoota Taita. Kwenye ripoti yake Arnaud alitaja Wasomali kama kabila lenye mishale ya sumu. Fundi aliyeonesha ni mti upi unaofaa, na ni sehemu gani ya mti inayopaswa kukatwa, hakutajwa.

Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel alianza kuwadunga wagonjwa wa moyo strofanthini mshipani huko Strassburg, na watu waliokuwa wakikosa pumzi kitandani walionekana wakipata nafuu katika muda mfupi. Ufaransa ikawa upande wa uabaini. Kwa nusu karne iliyofuata chupa ndogo za dawa hizi zilikaa kwenye makabati ya hospitali za Ulaya. Namna zinavyofanya kazi ilianza kueleweka 1953, Hans Schatzmann wa Uswisi alipoonesha kwamba dawa za aina hii zinazuia chembe nyekundu za damu zisisafirishe sodiamu na potasiamu. Hapo ndipo njia ilipofunguka kuelekea swali la Vienna. Pampu ikizuiwa kidogo, sodiamu inajikusanya ndani ya seli za moyo, kalisi inapanda, na msuli unakaza kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa sana, mpigo unavurugika na moyo unasimama. Mgonjwa wa Strassburg na tembo wa Galana walipokea kitu cha jamii moja kwa vipimo tofauti.

Wakati dawa hiyo inauzwa Ulaya, Kenya ilikuwa na biashara nyingine kubwa ya magome. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliletwa mwati, mti wa asili ya Australia uliokuwa umekwisha kuota mizizi Natal. Reli iliutaka kwa kuni, kisha ikajulikana kwamba gome lake limejaa tanini ya kutengenezea ngozi. Wakulima wa Mlima Kenya na Nyanda za Juu walipanda miwati, wakaimenya, wakaanika magome na kuyafunga mizigo. Viwanda vya kuyachemsha vikajengwa Thika na Eldoret. Pwani nako, magome ya mikoko kutoka Lamu hadi Rufiji yalikuwa yakipakiwa majahazini na melini kwenda viwanda vya ngozi vya ng'ambo, huku boriti zenyewe zikienda Uarabuni kuezekea nyumba. Katika biashara hizi hakuna kilichotupwa: mti wa mwati uliomenywa uligeuka makaa, na tanini yenyewe baadaye ilipata kazi mpya, kwa gundi ya mbao za viwandani na kusafishia maji.

Tazama kilichofanyika ndani ya kiwanda cha Thika. Gome lilikatwakatwa, likatiwa maji ya moto, likakamuliwa rangi yote, kisha maji yakachemshwa hadi yakawa mazito na kuganda. Ni zile hatua zilezile za chungu cha Mgiriama porini. Kiwanda kilikuwa na mashine za mvuke, leseni, na mabehewa ya treni yaliyopitisha mzigo katika stesheni ya Voi kuelekea Kilindini. Chungu kilikuwa na mzee mmoja, kichakani, akitega sikio asije askari. Tofauti haikuwa katika elimu. Gome lenye kampuni nyuma yake liliitwa zao la biashara, na gome lenye mwindaji nyuma yake likaitwa kosa la jinai.

Hata mkonge, ambao mashamba yake yamezunguka Voi na Mwatate, una kisa cha namna hii. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, watafiti wa London, walitangaza kwamba maji ya mkonge, yale yanayomwagwa baada ya nyuzi kutolewa, yanaweza kutoa hekojenini, mali ghafi ya kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Taka za mkonge wa Afrika Mashariki zikapata mnunuzi wa dawa. Kwa kuwa mkonge ulikuwa mali ya makampuni, hakuna aliyetiwa pingu kwa kuuchunguza.

Tsavo ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na David Sheldrick akawa mlinzi mkuu wa upande wa mashariki, makao yake Voi. Ardhi ambayo Waata waliwinda kwa vizazi ikawa haramu kwao kuingia na upinde. Ilikuwa haramu hata kabla ya hapo, maana sheria za wanyama za ukoloni ziliwapa leseni wageni wenye bunduki na pesa, na zikaipiga marufuku sumu. Lakini sasa sheria ilikuwa na magari, ndege ndogo na askari, wengi wao wakiwa wameajiriwa kutoka kaskazini ili wasiwe na ujamaa na wenyeji.

Haki nayo isemwe. Tembo walikuwa wakiuawa kweli, na kwa wingi. Pembe hazikuwa za kulisha watoto. Zilikwenda kwa wafanyabiashara wa pwani waliolipa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa, na hao waliponyoka mara nyingi kuliko wawindaji. Sheldrick na mwenzake Bill Woodley waliona mizoga, wakaona pia wanyama waliochomwa mshale wa sumu iliyochakaa, wakatembea na jeraha kwa siku nyingi. Mtu anayependa wanyama hawezi kuangalia hayo akabaki kimya. Ninachosema ni kwamba walipoiteketeza mishale, hakuna aliyeandika kitabu cha fundi. Ziliandikwa hesabu za pembe, za mashtaka na za miaka ya kifungo. Mpango wa kuwarudisha Waata kwenye uwindaji halali, wa Galana, ulianza 1960, na nia yake ilikuwa njema, ila haukudumu. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo Tsavo bila mshale hata mmoja. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote.

Msunguti wenyewe uliendelea kutoa siri zake. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mwanazuoni aliyezaliwa Tanganyika na kufundisha Makerere, pamoja na wenzake, walichapisha habari za panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ya rangi nyeusi na nyeupe. Kwa miaka mingi watu walijua kwamba mbwa akimng'ata panya huyo huugua, na pengine hufa. Ikaonekana kwamba panya hutafuna gome la msunguti, akachanganya na mate, akajipaka ubavuni kwenye nywele za pekee zenye matundu zinazofyonza kama utambi. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Sara Weinstein walithibitisha tabia hiyo kwa panya walionaswa Laikipia. Mnyama mdogo anatumia gome lilelile, bila chungu na bila moto. Habari zake zilienea dunia nzima kwa siku chache, na waandishi wengi walitaja kwa sentensi moja kwamba mti huo ndio "uliotumiwa na wawindaji wa Kiafrika".

Siku hizi chini ya Ndara, Sagalla ya tambarare, tembo bado wanashuka mashambani. Wanakijiji hawawazuii kwa mishale. Tangu 2009, kwa kazi ya Lucy King na shirika la Save the Elephants, mashamba kadhaa yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, nyuki wanatoka, naye anakimbia. Asali inauzwa. Ni jambo jema, na limeandikwa vizuri, lina takwimu na majina.

Elimu ya gome haina bahati hiyo. Itifaki ya Nagoya, inayotaka jamii zigawiwe faida ya mimea na maarifa yao, ilianza kufanya kazi 2014, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia mapema. Kwa uabaini imechelewa zaidi ya karne moja. Lakini mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kiutamaduni, nayo inaipa kila kaunti kazi ya kuweka daftari la maarifa ya watu wake. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake, na kiko karibu na Voi. Waliochemsha au kubeba sumu ile kabla ya uhuru wamebaki wachache, na umri umewashika. Hakuna anayewataka warudi porini na upinde. Kinachotakiwa ni mtu mwenye kinasa sauti na subira aende Sagalla, avuke Galana, akae na Waata na Wagiriama, awaulize majina ya mafundi, na ayaandike kwenye daftari ambalo sheria imeshalitaja.